Fundi na Mistari ya Penseli

Fundi alikuwa na desturi ya kuisalimu mashine kabla ya mwenye mashine. Ukimpelekea redio, kabla hajakuuliza ina nini, aligeuza mkono akaigusa kwa mgongo wa vidole, kama mama anavyompima mtoto homa. Alinyamaza kidogo, ndipo akaitikia shikamoo yako. Wageni walidhani ana kiburi. Mimi niliyepanga chumba kilichopakana na kibanda chake pale Masuguru, ukuta kwa ukuta, najua hakuwa na kiburi hata chembe. Hakuweza tu kufikiri mambo mawili kwa wakati mmoja, na la mashine ndilo lililotangulia.

Korogwe ilikuwa na mafundi wengi, wa baiskeli, wa cherehani, wa kuezeka, na kila mmoja alikuwa na neno lake la kumtambulisha. Yeye aliitwa Fundi, basi. Ukisema "nampelekea Fundi" hakuna aliyekuuliza Fundi yupi.

Alivaa sweta. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililomchekesha kila mtu. Korogwe ni bondeni, na jua la saa saba chini ya bati hulijua aliyewahi kulikalia. Mimi nilikuwa nikilowa jasho mpaka mgongoni, naye ameketi na sweta la kijivu la mikono mirefu, anapuliza chai ya moto. Nikimlalamikia alinicheka. Yeye Mzigua, mimi Msambaa wa juu huko Lushoto, na utani haukuisha. "Ninyi wa milimani mmelelewa kwenye jokofu," aliniambia. "Joto kidogo tu mnaita daktari." Nami nilimjibu kwamba siku atakayopanda kwetu tutamrudisha amefungwa blanketi. Alisema siku hiyo haipo.

Lile sweta lilikuwa sehemu ya imani yake. Fundi aliamini kwamba joto halina kosa. Watu wote humlaumu joto, alisema, kwa sababu ndiye wanayemkuta kwenye tukio, lakini muuaji ameshaondoka kitambo. Muuaji ni volti. Alikuwa na kauli yake fupi aliyoirudia hata kwa watu waliokuja kuomba moto wa sigara: "Joto huchosha, volti huua."

Na alikuwa na ushahidi. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, mipaka imefunguliwa, na vitu vilivyotumika ng'ambo vilishuka mnadani kwa malori: televisheni, redio, pasi, mafeni. Vingine vilitengenezwa kwa nchi zenye umeme mdogo, nusu ya wetu. Mtu alinunua kwa furaha, akafika nyumbani, akachomeka ukutani mbele ya familia nzima, kikalia paa. Asubuhi yake alikuwa kwa Fundi. Vipande vilivyokufa Fundi hakuvitupa. Alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na mtu akibisha alilichukua kopo akalitikisa sikioni mwake. Alisema humo ndani wamo mamia na hakuna hata mmoja aliyeuawa na jua la Korogwe.

Halafu zilikuwapo betri. Mzee mmoja wa Kimasai kutoka nyanda za Handeni alikuwa akimletea redio yake kila baada ya miezi michache, imekufa kwa namna ile ile. Redio ilitaka betri nne, naye alikuwa akizifunga nane kwa mpira wa baiskeli ili sauti ifike mpaka zizini. Fundi alimheshimu sana mzee yule, alimwekea kigoda na kumsikiliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, lakini kwenye suala la betri hakumwonea haya. Alimweleza kwamba redio si ng'ombe dume, huipigi ikaenda. Mzee aliuliza, je, zile betri zilizochoka, akizianika juani, atakuwa amekosea? Fundi alifurahi mpaka akasimama. Anika, alimwambia, anika sana, joto linafufua. Kwa wiki nzima alinisimulia swali lile, kila mara akilimalizia kwa kunitazama mimi na leso yangu ya jasho.

Lakini mtu huyo huyo aliyehubiri kiasi alikuwa na kipaza sauti cha harusi ambacho hakikujua kiasi. Alikitengeneza mwenyewe, na akikodiwa, mitaa mitatu haikulala. Nilishuhudia spika zikipasuka ngozi huku ameziegemea anatabasamu. Nilipomuuliza ile hotuba ya redio si ng'ombe dume imekwenda wapi, alisema harusi si siku ya kuhurumia spika. Ndivyo alivyokuwa. Cha mtu alikitunza kama yai, ila akionjeshwa uzuri wa kitu, sauti au picha, alitaka uzidi kidogo, na kidogo tena.

Jambo moja halikuwa na ubishi: hakudanganya. Mafundi wengine wakiunguza kitu chako watakuambia kimekuja kimeshaungua. Yeye alikuambia usoni, hiki nimekiunguza mimi, tena alikuambia alipokosea, hata kama hukuelewa neno. Watu walimpenda kwa hilo kuliko kwa ustadi wenyewe.

Mimi nilikuwa karani wa shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa tukapunguzwa, na kwa kiinua mgongo changu nikanunua kompyuta nne kuukuu kutoka Dar es Salaam. Nilianza kwa kuchapa barua na taarifa za vikao, lakini barua hazikuniweka mjini. Kilichoniweka ni mpira. Vijana waligundua kwamba ndani ya kompyuta kuna mchezo wa mpira wa miguu, wakajaza chumba tangu asubuhi, wakiitana majina ya wachezaji wa Ulaya. Fundi alizikagua zote nne siku ya kwanza kwa mgongo wa vidole. Tangu hapo, akipita mlangoni, aliingia kuona kama hazijambo.

Kisha jirani na stendi kikafunguliwa chumba kingine, chenye kompyuta mpya na mchezo mpya, wachezaji wanatokwa jasho linaloonekana. Vijana wakahamia huko. Niliuweka mchezo ule kwenye mashine zangu, ukawa unakwama. Mchezaji anapiga mpira, unakaa hewani, unawaza. Fundi alichungulia ndani akasema tatizo ni kadi ya picha, kile kipande kinachochora kinachoonekana kwenye kioo. Kinachora polepole. Akauliza kama kinaweza kukimbizwa.

Hakuwahi kumiliki kompyuta maishani mwake. Alikwenda kwenye kibanda cha intaneti, akachapiwa kurasa, akazisoma kwa kamusi wiki mbili. Akarudi na kusema inawezekana: kadi ina mwendo iliopangiwa kiwandani, na mwendo huo unaweza kupandishwa. Tulianza Jumapili moja mchana, mashine moja kwanza. Alipandisha kidogo, tukatazama mpira, akagusa. Akapandisha tena. Mchezo ulilainika, nami nikapiga makofi kama mtoto. Alipozidisha, vidoadoa vyeupe vikatokea kwenye nyasi za uwanja. Akarudisha nyuma.

Nilimwambia bado kidogo, kule stendi wanatushinda. Akasema kwa mwendo huo imefika. Kuipeleka mbele ni kuiongezea volti. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini. Nikamuuliza kama inawezekana. Alikuna kidevu, akasema kurasa zinasema inawezekana, tena kwa penseli tu. Ule weusi wa penseli hupitisha umeme. Ukipaka juu ya kipande fulani kidogo kama punje ya mchele, kadi inapata volti zaidi. Akaongeza kwamba hafanyi.

Nilimsihi mimi. Ningependa kusema alijisukuma mwenyewe, lakini nilimsihi siku tatu, nikamwambia chumba kikifungwa narudi kwetu kuchuma chai ya watu. Siku ya nne alichonga penseli. Tulikubaliana mistari mitatu, basi. Alipaka mmoja, akapima kwa mita, wa pili, akapima, wa tatu. Mashine iliwaka. Nilivyoona mpira ule ukitembea, na jasho la wachezaji likionekana, nilimkumbatia mzee wa watu mbele ya mlango wazi. Vijana wanne walirudi jioni ile, wakasema wataleta wenzao Jumamosi.

Mama yangu alishuka kutoka milimani Ijumaa. Alikuwa hajakiona chumba changu, na alikuja na zawadi: vitambaa vya kufuma, vinne, vyeupe vyenye pindo la waridi, alivyonifumia kwa miezi. Nani kwetu anaacha redio au televisheni bila kitambaa? Kitu cha thamani hufunikwa, na kisichofunikwa kina mwenyewe mvivu. Nilikwenda kumpokea stendi, nikamwacha Fundi na ile mashine, akiijaribu kwa ajili ya Jumamosi. Tuliporudi aliamkiana na Mama vizuri, wakataniana kidogo, kisha akaenda swala ya Ijumaa. Nami nikatoka kutafuta kitoweo. Mashine ilikuwa inazunguka, mpira unajicheza wenyewe, Mama ameketi anautazama.

Niliporudi niliisikia harufu tangu barabarani, na Fundi alikuwa amenitangulia hatua chache kutoka msikitini. Kioo kilikuwa cheusi. Juu ya mashine, kimeshuka mbele na nyuma mpaka kwenye matundu ya kupumulia, kilikuwa kitambaa cheupe chenye pindo la waridi. Mama alikuwa uani anaosha vikombe. Malori yalipita na kutimua vumbi, alituambia baadaye, akaona afunike.

Fundi aliniangalia. Akakitoa kile kitambaa, akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya sweta lake. Mama alipoingia na kuuliza kulikoni, Fundi alimjibu kabla yangu.

"Ni volti, dada. Nimezidisha mimi."

Nilimpenda Fundi wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu. Niliona wazi alichofanya. Mtu aliyejulikana kwa kutodanganya alikuwa amedanganya kwa mara ya kwanza, ili mama wa watu asijue kwamba zawadi yake ndiyo iliyoua. Nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima niliyomlipa.

Mji haukunyamaza. Vijana walikuja Jumamosi wakakuta mashine imekufa, na kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika ng'ambo ya mto: Fundi kaunguza kompyuta kwa penseli. Ilichekesha, na jambo likichekesha halina breki. Watoto wa shule walimwonyesha penseli akipita. Mtu mmoja alichukua televisheni yake ikiwa imefunguliwa nusu, akasema ataipeleka Tanga. Fundi hakujitetea kwa yeyote. Akiulizwa alisema ndiyo, niliunguza. Kompyuta hakuzigusa tena, hata zile tatu zangu. Alipita mlangoni, akasalimia, akaendelea. Mwaka haukuisha akafunga kibanda, akarudi Misima, Handeni, kwenye shamba lake la mahindi. Mimi nilirudi kwenye kuchapa barua.

Sasa nifike pale nisipopapenda. Siku nilipokwenda kwetu, chumba cha gemu kimeshakufa na nina hasira na kila kitu, Mama alinitolea vitambaa vingine viwili, vya meza yangu ya kuchapia. Nikamwambia, "Mama, hivyo ndivyo vilivyonifilisi." Nikamweleza yote, kitambaa, matundu, joto, na jinsi mzee wa watu alivyobeba aibu isiyo yake mjini kote. Alivikunja akavirudisha kwenye sanduku. Sikumwona tena na uzi mkononi, na hakushuka tena Korogwe. Ukimwalika alisema magoti yanamuuma. Miaka mingi alisema magoti, nami nilijifanya kuamini.

Nilipata habari kwamba Fundi haoni vizuri. Nikafunga safari ya Misima nikiwa na sukari, sabuni, na deni la maneno. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa juani, sweta mwilini, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Alinijua kwa sauti. Tulikula, tukataniana, akauliza kama Wasambaa bado wanaogopa joto. Ndipo nikamwambia nililoendea: kwamba niliona kitambaa, kwamba najua alijitwisha lisilo lake, na kwamba nilipaswa kulisema mjini na sikulisema.

Aliacha kupukuchua.

"Mwanangu, siku ile sikudanganya," alisema. "Ulipokwenda stendi niliongeza mstari wa nne. Picha ilikuwa nzuri, nikataka izidi."

Alinieleza polepole. Ile kadi aliichukua akaifungua nyumbani. Kama ingeuawa na joto la kitambaa, feni yake ndogo ya plastiki ingelegea, na haikulegea. Kilichokufa ni kile kipande cha kupitishia umeme, kimepasuka katikati. Alisema volti na joto hawaachani, ukimwita mmoja na mwenzake anakuja, na kitambaa hakikusaidia kitu. Lakini kadi ilikuwa imeshahukumiwa kifo kabla ya Mama kuinuka kwenye kiti chake. Nikamuuliza kwa nini basi alikificha kitambaa. Akasema aliona macho yangu yanakwenda kwenye kitambaa moja kwa moja, akajua Mama ndiye atakayelaumiwa, akataka kukiondoa nisikitazame. Akasema kweli yake pale pale. Mimi nikaichukua kweli ile kama uongo wa wema.

"Niliuona usoni mwako ule wema ulionipa," alisema. "Mji mzima ulikuwa unanicheka. Wewe peke yako ukaniona mtu mkubwa. Nikauacha. Hilo ndilo nililoiba, si kompyuta."

Ningeweza kucheka, na nadhani alitegemea nicheke. Badala yake nikamwambia kwamba nilishamwambia Mama kitambaa chake ndicho kilichoua. Nilimweleza alivyokunja vitambaa, nilimweleza magoti.

Uso wa Fundi ulibadilika ukawa wa mtu aliyefiwa. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akamwita binti yake amtafutie viatu. Nilimwambia ni mbali, nitakwenda mwenyewe. Akasema kosa si barua, halitumwi.

Tulilala Korogwe, asubuhi tukapanda mpaka Mombo. Hapo alinunua mkate na machungwa ya kumpelekea mwenyeji, akichagua kwa vidole, na tukabadilisha gari la kupanda milimani. Kila kona ilipopinda baridi ilizidi, naye akajikunyata ndani ya sweta ambalo kwetu halikuwa kitu. Nilimvika kitenge changu. Hakutania, na mimi sikutania.

Mama alikuwa jikoni. Fundi alipiga hodi, akaingizwa, akakataa kigoda. Akasimama ameshika nguzo ya mlango, macho yake hayajui vizuri yaelekee wapi.

"Dada," alisema, "ile mashine ya mwanao niliiua mimi kwa mkono wangu. Kitambaa chako hakikufanya kosa lolote. Nimechelewa kukuambia."

Mama alimtazama. Akachukua mkate na machungwa, akaviweka mezani, akamshika mzee mkono akamketisha karibu na moto, akamfunika mabega kwa shuka lake mwenyewe. Alimmiminia chai. Wakati wote huo mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mkoba wangu, nikidhani yamekwisha. Ndipo akanigeukia.

"Huyu ametoka Handeni, na macho yake haya, kuja kusema lake," alisema. "Wewe umekuwa ukija kila sikukuu. Lako utalisema lini?"

Niliweka mkoba chini, nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo, nikalisema: kwamba aliyemsihi Fundi aongeze volti ni mimi, na kwamba Mama nilimtwika lawama bure.